Fimbo ya Mulinge na Saa ya Nthiwa

Mulinge alifundisha mbio kwa fimbo, na hapa siongezi chumvi. Ilikuwa fimbo ya mkwaju, nyembamba, ya kuuma. Alipanda pikipiki yake alfajiri, akawafuata wakimbiaji wake kwenye barabara ya vumbi nje ya Kalamba, na aliyebaki nyuma alipata yake kwenye shavu la mguu. Mkono wake wa kulia ulikuwa umekufa ganzi tangu mashine ya kusaga mahindi ilipouvuta huko kwao Nunguni. Uliweza kuzungusha mpini wa mafuta wa pikipiki, lakini haukuhisi moto wala baridi. Kazi zote za maana zilifanywa na wa kushoto: kula, kuchapa, na kuhesabu mapigo ya moyo.

Maana alihesabu pia, mzee huyo. Mkimbiaji akisimama, Mulinge alimshika shingoni, chini kidogo ya taya, kwa vidole viwili, cha shahada na cha kati, akatazama saa ya ukutani aliyokuwa ameifunga kwa waya mbele ya pikipiki. Robo dakika, halafu anazidisha mara nne. Aliwakataza wote wasitumie gumba. "Gumba liko na moyo wake," alisema. "Ukipima na gumba unajipima mwenyewe, unasema ni mwenzako."

Nthiwa alikula fimbo hiyo miaka sita. Alikuwa mchinjaji, akitoka mbioni alienda moja kwa moja kichinjioni, akashinda na kisu mkononi na damu hadi viwikoni. Mioyo ya mbuzi alikuwa ameishika mingi, ya moto bado, mingine ikicheza kiganjani kama haijaambiwa kuwa mwenyewe amekufa. Kwa hiyo mtu asimwambie Nthiwa kwamba moyo ni wa nyimbo za mapenzi. Moyo ni nyama ngumu inayofanya kazi, na wake alitaka umfikishe mahali pamoja tu. Kulikuwa na idara ya serikali iliyoajiri wakimbiaji, na mwaka ule ingechagua wanne katika mbio za kilomita kumi mjini Kitui. Aliyevuka miaka ishirini na minane hakutakiwa, na Nthiwa angeivuka Desemba. Akikosa safari hii, ni kichinjio mpaka uzeeni.

Saa aliipata kwa Abdisamad, mfanyabiashara wa mifugo aliyeleta mbuzi kutoka kaskazini kila wiki. Abdisamad alikuwa ameletewa saa mpya na mpwa wake, akampa Nthiwa ile ya zamani, kwa urafiki tu. Ilikuwa saa ya kupima moyo. Chini yake ilikuwa na taa ya kijani inayomulika ngozi na kusoma damu inavyopita, na ndani yake kulikuwa na mwalimu: ingekupangia mazoezi, ingekutetemesha mkono ukizidisha, ingekwambia leo kimbia, leo pumzika.

"Ivae vidole viwili juu ya mfupa wa kifundo, na ukaze," Abdisamad alimwambia. "Ikilegea itakuambia uongo, wallahi."

Nthiwa aliikaza siku tatu. Siku ya nne mkono ulianza kuwasha, kwa jasho na maji ya kichinjio, ukatoka vipele. Akailegeza, ikashuka ikalala juu ya mfupa, ikawa inacheza kama bangili.

Tangu hapo mwalimu wa mkononi akageuka mkali. Siku za mbio nyepesi saa ilimtaka asipite mapigo mia moja arobaini na tano. Yeye kila akianza tu ilipanda mia moja sabini, ikatetemeka: punguza. Akapunguza, ikatetemeka tena. Kwenye vilima vya Nunguni, walikopanda Jumamosi, alikuwa anajivuta kwa mbio za hatua fupi fupi huku vijana wa juzi wakimpita. Fimbo ikamwangukia kama mvua ya Novemba.

"Wewe unakimbia ama unaenda kuchota maji?" Mulinge alifoka.

"Kocha, moyo umepita. Saa imesema nipunguze."

Mulinge alizima pikipiki. Akamshika shingo, akahesabu. "Thelathini na nne. Mara nne ni mia moja thelathini na sita. Hiyo takataka yako inasema ngapi?"

"Mia moja sabini na mbili."

"Basi inakudanganya."

"Kocha, hii ni kompyuta. Wewe ni vidole."

Fimbo ilitua juu ya ile saa, juu ya vile vipele, na uchungu ulimpanda Nthiwa mpaka kichwani. Miaka sita ilimtoka kwa ngumi moja. Ilimpata Mulinge mdomoni, akaanguka juu ya pikipiki yake, akatema jino pamoja na damu. Ukambani, kumpiga mtu wa rika la babako si jambo la kusema samahani na kwenda zako. Unatafuta mbuzi, unaenda naye nyumbani kwake, unaomba mbele ya watu. Nthiwa, aliyechinja mbuzi kumi kabla ya chai, hakupeleka hata mmoja. Alijiambia atapeleka baada ya Kitui, akiwa na kazi, mzee aone ni nani aliyekuwa na haki. Kiburi si maungwana, lakini hakisikii.

Akaanza kukimbia peke yake. Kwa kuwa vilima vilimpandisha moyo, alitafuta tambarare, na tambarare iliyokuwepo ilikuwa njia ya kando ya mto wa mchanga, kilomita saba kutoka Kalamba. Alfajiri kabla ya mwanga alienda polepole, macho mkononi, akitii. Wiki mbili alitii hivyo, na miguu ikamlegea kwa uvivu alioita nidhamu.

Sasa, mto ule ulikuwa na vita vyake. Malori yalikuja kuiba mchanga, na wenyeji walijua kwamba mchanga ukiisha, maji yaliyolala chini yake nayo yameisha. Lori halikuja bila mtu wa kutangulia. Mtu huyo alitembea au kukimbia mbele polepole, akichungulia, na njia ikiwa salama alimulika taa ya kijani. Siku nane kabla ya asubuhi ninayotaka kuwasimulia, wenyeji walijaribu kufunga kivuko kwa mawe, na lori likampitia Musyimi, mume wa Kaveke, likamwacha amegawanyika. Nthiwa alisikia habari hiyo kama kila mtu. Lakini alijiona anajulikana. Nani Kalamba hajawahi kula nyama ya mkono wake? Alisahau kwamba gizani mchinjaji hana sura, na kwamba ng'ambo ile walikula kwingine.

Asubuhi hiyo wenyeji walikuwa wamelala vichakani na mapanga, marungu na pinde. Wakamwona mtu anakuja taratibu, bila haraka, anatazama tazama. Mkononi mwake kitu cha kijani kinawaka, kinazimika, kinawaka. Ilikuwa taa ya chini ya saa. Ingekazwa isingeonekana na mtu.

Kaveke, mjane wa Musyimi, ndiye aliyepiga nduru.

Kule nduru ikipigwa, kila mwenye miguu anaikimbilia. Aliye kitandani anatoka, aliye chooni anatoka. Anayekimbia upande mwingine ndiye mwizi, na hahojiwi. Nthiwa alijua hivyo tangu utotoni. Angesimama, angeinua mikono, angelitaja jina la mamake, Katunge, labda angepona. Lakini jiwe lilimpata mgongoni, mshale ukapita karibu na sikio, na miguu ikaamua bila yeye. Akakimbia. Walipomwona anavyokimbia, hakuna aliyebaki na shaka.

Saa ikatetemeka. Punguza mwendo.

Alikimbia kama hajawahi kukimbia maishani. Nduru zikaitikiwa mbele yake, kutoka boma moja hadi jingine, na watu wakatokea mbele pia. Saa ikatetemeka tena. Rungu likampata mbavuni, akasikia kitu kimevunjika ndani kama ukuni. Akaanguka kifudifudi kwenye mchanga. Walimpiga kwa mateke, kwa mipini ya majembe, kwa mawe yaliyokusudiwa kufunga kivuko. Mtu mmoja alimkalia mgongoni, mwingine akaukanyaga mkono wake wa kushoto ukabaki umenyooka, taa ya kijani ikiwaka na kuzimika juu ya mchanga.

"Huo mkono!" Kaveke alipiga kelele. "Huo ndio ulioita lori! Niachieni huo mkono!"

Nthiwa aliona miguu mitupu ya Kaveke ikisogea, akaona ncha ya panga. Aliogopa, na haya wanaume hawasemi, lakini alijikojolea.

Pikipiki ilifika ikiwa bado inanguruma ikaangushwa hapo hapo. Mulinge aliishi nyuma ya kilima kilichokuwa karibu na mto. Nduru ilimtoa kitandani kama wenzake, na alikuja kupiga mwizi kama wenzake. Alipoona ile taa ndipo alipotambua. Alijirusha chini, akaifunika saa kwa kiganja chake cha kushoto.

"Ni mwanangu!" alisema. "Kaveke, ni mwana wakwa huyu!"

Lakini panga lilikuwa tayari linashuka, na panga likishashuka haliitwi likarudi. Likapita kwenye vidole viwili, cha shahada na cha kati, likaishia kwenye kioo cha saa. Mkono wa Nthiwa ukabaki. Vidole vya Mulinge vikabaki kwenye mchanga.

Kaveke aliliachia panga, akatazama alichokifanya, akavua leso yake akaifunga kwenye ule mkono, akalia kwa sauti ambayo hakuilia hata siku ya kumzika Musyimi.

Nthiwa alilazwa na mbavu mbili zilizovunjika. Abdisamad alikuja kumwona, akaichukua ile saa. Kioo kilikuwa kimepasuka, lakini bado ilikuwa inatembea. Akaiunganisha na simu, akamwonyesha mistari miwili: mmoja wa mapigo ya moyo, mwingine wa hatua za miguu. Ilipanda pamoja, ikashuka pamoja, siku baada ya siku, kama pacha.

"Hapa haikusoma moyo, ndugu yangu," alisema. "Mkanda umelegea, saa inarukaruka, basi ilihesabu miguu yako. Hatua mia moja sabini na mbili kwa dakika. Nilikuambia ukaze."

Nthiwa aligeukia ukutani. Alilia, na mbavu zikamuuma kwa kila kwikwi. Mzee alisema mia moja thelathini na sita. Mzee alikuwa sawa, na yeye akamng'oa jino kwa kuwa sawa.

Alitaka kwenda kuomba msamaha siku hiyo hiyo. Mulinge, aliyelazwa wodi ya pili, alituma jibu kupitia muuguzi: kimbia kwanza.

Zilibaki wiki kumi kabla ya Kitui. Tatu alizilala. Nyingine alikimbia, peke yake, mchana kweupe, na saa ile ile iliyopasuka, ila sasa vidole viwili juu ya mfupa, imekazwa, vipele vikipakwa mafuta. Na kila Jumatatu aliilinganisha na vidole vyake shingoni. Ikawa kweli. Ilimwonyesha kwamba mbio alizoziogopa zilikuwa nyepesi, na akarudi Nunguni akavipiga vilima. Asubuhi moja ilimwambia moyo wake ulipiga kwa kasi usiku kucha alipolala. Akapumzika, na kesho yake homa ikamshika kweli. Kwa hiyo msije mkasema saa haifai kitu. Inafaa kama kisu kinavyofaa: ukijua makali yapo upande gani. Fimbo je? Hiyo nayo ilimpa miguu, nisidanganye, lakini sitaimba sifa zake.

Kitui, jua lilikuwa limeshachoma saa nne. Walianza arobaini na moja. Walisukumana kona ya kwanza, mmoja akamkata Nthiwa kwa msumari wa kiatu, damu ikamjaa sokisi. Kilomita ya saba mbavu zilianza kumdunga. Kilomita ya tisa alikuwa wa sita. Hakutazama mkono. Alimpita wa tano kwa kumpiga kiwiko, na wa nne alimpita mita hamsini za mwisho, mdomo wazi, kamasi zinamtoka, akiona ile miguu mitupu ya Kaveke inasogea kwenye mchanga. Aliingia wa nne, na nafasi zilikuwa nne.

Mulinge alikuwa amesimama kwenye kamba, ameshuka Kitui bila kumwambia mtu. Mkono wa kushoto alikuwa ameuficha mfukoni.

"Kocha," Nthiwa alisema, akihema, "mbuzi nimekufungia kwako asubuhi. Kaluki wa jirani anamwangalia. Nilikukosea."

"Mbuzi atangoja," Mulinge alisema. "Lete shingo."

Akautoa mkono. Makovu yalikuwa bado mekundu. Aliupeleka chini ya taya kwa mazoea ya miaka mingi, na palipokuwa na vidole hapakuwa na kitu. Akasita. Kisha akaugeuza mkono, vidole viwili vilivyobaki vimekakamaa, akaweka gumba.

Nthiwa alisimama wima. Alilisikia lile gumba likidunda kwenye ngozi yake, polepole kuliko damu yake mwenyewe. Mulinge alitazama saa ya ukutani aliyokuja nayo kwapani, midomo ikicheza, robo dakika.

"Ishirini na sita. Mia moja na nne," alisema mwishowe, na uso wake wote ukafurahi. "Umesikia? Umepoa hivyo haraka! Hata hujachoka. Wale watatu ungewapita."

Saa kwenye mkono wa Nthiwa, imekazwa vizuri, ilisema mia moja sitini na nane. Aliifunika kwa kiganja.

"Ndio, Kocha," alisema. "Mia moja na nne."