Mjukuu wa Kujitakia

Kijijini kwetu Ukata, ukisema unasomea utabibu, watu hukuonea huruma. Baba mdogo alinishika mkono nje ya kanisa, kama anayenipa pole ya msiba, akaniuliza, "Sasa ukimaliza hapo, utaendelea mpaka uwe daktari kweli?" Nikamjibu kwamba nikimaliza nitakuwa tabibu, na kwamba aliyemtibu yeye nimonia pale zahanati hadi akarudi shambani kwake kwenye kahawa alikuwa tabibu, tena peke yake, bila daktari yeyote, wa kweli wala wa uongo. Akacheka, akasema nina mdomo. Ninao, na sijaona sababu ya kuuficha.

Chuoni Mbinga walitufundisha vitenzi vinne: kutazama, kupapasa, kugonga, kusikiliza. Ukifika kwenye tumbo mpangilio unageuka. Unasikiliza kabla hujagusa, maana ukishalibonyeza, matumbo hubadili sauti zake. Tulifundishwa pia kupasha mikono joto. Asubuhi za baridi ya Mbinga tulisimama mlangoni mwa wodi tukisugua viganja na kuvipulizia, kwa sababu mgonjwa akiguswa na mkono wa baridi hukaza tumbo, nawe unaandika kwamba tumbo ni gumu kumbe ugumu umeuleta mwenyewe.

Mkufunzi wetu wa vitendo alikuwa mama mwenye sauti ya kuitia wateja sokoni. Alikuwa na amri moja aliyoirudia mpaka tukawa tunaiigiza bwenini. "Mgonjwa anayetapika na hapati choo, mfunueni mpaka magotini. Hata akiwa askofu, mfunueni!" Tulicheka sana habari za huyo askofu. Wengi wetu tulikuwa Wakatoliki, na kila mmoja alijua asingethubutu.

Kitu ambacho hawakutufundisha ni namna ya kumfunua mzee wa watu ukiwa msichana.

Mwaka wa mwisho nilipelekwa ziwani kwa mafunzo ya kazi, kwenye kituo cha afya upande wa Lundo. Mimi ni Mmatengo wa milimani, wao ni Wanyasa, kwa hiyo tulikutana kwenye Kiswahili, na Kiswahili cha wazee kilikuwa na adabu zake. Katika vitabu vyangu tumbo lina mipaka inayojulikana. Kwa wazee wa pale, wakizungumza na mtu wa umri wangu, tumbo lilianzia chini ya kifua likaishia karibu na magoti. Kila kilichokuwa katikati, mradi kina aibu, kiliitwa tumbo. Wakitaka kuwa wazi kidogo walisema mshipa. Mwanzoni nilidhani wanazungumzia mishipa ya damu, nikawa nawapima mapigo mkononi. Walinitazama tu kwa upole, wakaniachia mkono.

Mzee ninayetaka kusimulia habari zake alikuja asubuhi ya joto kali amevaa koti. Mkewe alikuwa amemshika kiwiko. Mkono mwingine wa mzee ulikuwa ndani ya mfuko wa koti na hakuutoa hata aliponiitikia shikamoo yangu. Alikaa kwenye benchi kwa upande mmoja. Nikamuuliza anaumwa nini, akasema tumbo. Kutapika? Tangu jana. Choo? Hakuna. Hewa je, inatoka? Hapo akatazama ukutani, na mkewe ndiye aliyejibu kwamba haitoki.

Nikamwambia nataka kumpima, apande kitandani, afungue nguo. Akapanda, akafungua vifungo vya shati tu. Nikasikiliza, nikapapasa. Tumbo lilikuwa limejaa na lilimuuma. Nikamwomba afungue mkanda.

"Haiwezekani," akasema. "Wewe ni sawa na binti yangu wa mwisho. Niitie mwanamume."

Mwanamume hakuwepo. Mganga mfawidhi, yaani mkuu wetu wa kituo, alikuwa ameitwa Mbamba Bay kwenye kikao, na tabibu wa pili alikuwa vijijini na timu ya chanjo. Tuliobaki ni mimi mwanafunzi na muuguzi, mama mzoefu aliyenipenda na ambaye hakutaka niharibikiwe. Akanivuta pembeni. "Dada, mpe dawa ya tumbo apumzike. Mfawidhi akirudi jioni atamwona." Nikampigia mfawidhi simu. Nilipomweleza, akauliza nani kanituma kuvua wazee nguo. "Msubirishe," akasema. "Usije ukatuletea maneno hapo kijijini." Akakata simu.

Nilikasirika. Nakumbuka nilivyosimama na ile simu mkononi, masikio yakiwaka. Kama mzee yule alikuwa na kile nilichodhani anacho, utumbo wake ulikuwa umebanwa mahali na ulikuwa unakosa damu, na kusubiri jioni ni kuusubiri ufe. Kila mmoja mle ndani alikuwa akilinda kitu: mzee heshima yake, muuguzi amani, mfawidhi jina la kituo. Utumbo haukuwa na wa kuulinda. Na mimi nilikuwa nimekaa miaka yote ile nikisugua viganja mlangoni mwa wodi kwa ajili ya nini hasa?

Nikarudi kitandani. Nilijua tatizo lake, kwa sababu hata baba yangu angesema vilevile. Mbele ya binti baba hafungui mkanda, na hakuna cheti cha kulibadili hilo. Lakini si lazima niwe binti.

Nikamgeukia mkewe. "Bibi, mnao wajukuu?"

"Tunao wengi."

"Basi na mimi ni mmoja wao." Nikapiga goti kando ya kitanda, nikaanza upya kama mtu aliyeingia sasa hivi. "Shikamoo, babu. Mjukuu wako nimefika kutoka milimani. Umenikalia na makoti kwenye joto hili, unaniona mimi mgeni?"

Mzee akafumba macho. Sikujua kama amekasirika. Lakini bibi akaanza kucheka, kwanza taratibu, halafu akajipiga paja. "Ee, mke mwenzangu," akaniambia, "mtazame basi huyu mume wetu. Mimi amenishinda tangu jana."

Huo ndio utani wa kila nyumba. Babu humwita mjukuu mke wake, bibi humwita mke mwenza, na hakuna anayeona haya. Mzee alikijua hicho kiti nilichojichagulia, na alijua ni kiti halali. Akasema bila kufumbua macho, "Mke gani huyu, mikono ya baridi." Kwa kweli viganja vyangu vilikuwa vya moto. Akautoa mkono mfukoni, akafungua mkanda mwenyewe.

Ilikuwa ngiri, ule mshipa wa wazee. Uvimbe wa ukubwa wa yai kwenye kinena, mgumu, ngozi yake imeanza kuwa nyekundu, na nilipougusa kidogo tu mzee alinishika mkono kwa nguvu. Ndio aliokuwa ameushikilia safari nzima ndani ya ule mfuko. Haukurudi ndani, na sikuulazimisha. Nikamwomba muuguzi aje aone kwa macho yake. Aliona, akaenda kuchukua dripu, kisha ni yeye aliyempigia mfawidhi mara ya pili. Safari hii mfawidhi hakuuliza habari za maneno ya kijijini. Akaagiza gari la wagonjwa limpandishe hospitali Mbinga.

Nilikaa nyuma pamoja naye. Kila kona ya mlima alinitukana kwa kicheko kidogo, kwamba wake zake wote wawili wamemletea balaa, na kila aliponitukana nilipumua, maana alikuwa bado ana nguvu za kutukana. Walimpasua mchana uleule. Daktari aliyempasua alituambia utumbo ulikuwa umeshabadilika rangi lakini haujafa, na kwamba jioni asingekuwa na la kuokoa.

Mfawidhi aliporudi aliniita ofisini. Alikuwa mtu wa haki kwa kiasi chake. Akasema nilichokigundua ni sahihi, ila nilivyofanya ni utovu wa nidhamu. Mwanafunzi hubaki mwanafunzi, na mhudumu hana undugu na mgonjwa. Akataka niseme nimekosa. Nikamwambia nasikitika kumwendea kinyume, lakini kosa silioni. Akaniambia nitoke. Mpaka nilipoondoka Lundo, yule bibi, mke wa mzee, akipita na beseni lake la usipa, dagaa wa ziwani, alikuwa akiita kutoka barabarani, "Mke mwenzangu, hujambo?" na benchi zima la wagonjwa likaanza kuniita hivyo. Mfawidhi alisikia kila mara, akawa anafunga dirisha.

Ikafika siku ya mtihani wa mwisho wa vitendo, wodini Mbinga. Msimamizi alitoka chuo kingine, kijana mwenye suruali iliyonyooshwa vizuri sana. Kufeli pale ni kurudia mwaka, na kahawa ya baba haikuwa na mwaka mwingine wa kunisomesha. Mgonjwa wangu alikuwa mzee aliyekuwa akisubiri kufanyiwa upasuaji, blanketi hadi shingoni, uso wake umeelekea ukutani. Nikapasha viganja. Nikapiga goti.

"Shikamoo, babu. Mjukuu wako nimekuja kukutazama. Nasomea utabibu."

"Simama," msimamizi akasema. "Rudia mwanzo. Jina lako kamili, cheo, omba ruhusa. Hapa hakuna babu wala mjukuu. Hiyo alama umeshaipoteza, na ukiendelea hivyo utapoteza zaidi."

Nikasimama. Nilimwona baba mdogo nje ya kanisa akinishika mkono wa pole kwa mara ya pili. Kisha nikasema, "Jina na cheo nitavitaja, mwalimu. Ruhusa nitaiomba. Ila babu simwondoi."

"Nimesema rudia."

"Nimekusikia. Sirudii."

Alifungua mdomo ajibu, lakini kitu kikalia nyuma yangu, mlio mdogo wa chuma. Tukageuka wote wawili. Mzee alikuwa amegeuza uso kutoka ukutani na kuweka blanketi pembeni, na bizimu la mkanda lilikuwa linaning'inia kwenye ukingo wa kitanda.

"Marahaba, mke wangu," akasema. "Njoo utazame. Huyo mwenye suruali na asubiri nje."