Samli Juu ya Boneti Nyeusi

Sifa zote ni za Mungu, aliyetuamsha leo tukiwa na pumzi na kutupa mikono ya kufanyia kazi. Yeye huleta mvua kwa wakati wake na kiangazi kwa wakati wake, na katika vyote viwili hajatuacha. Kwa jina lake naanza kueleza mambo ya mchana mmoja hapa nyumbani kwangu Tarime, nilipoosha gari pamoja na mkwe wangu bila maji ya kusuuzia, na riziki yake yote ikitegemea gari hilo.

Mkwe wangu, mume wa binti yangu wa mwisho, ni dereva. Gari si lake. Ni la mfanyabiashara wa Nyamongo anayewauzia vifaa wachimbaji wadogo, mtu mkali asiye na maneno mengi. Ni gari jeusi, na siku hizo lilikuwa limetoka kupigwa rangi upya Mwanza. Rangi nyeusi ikiwa mpya haifichi kitu. Dereva aliyemtangulia mkwe wangu alifukuzwa kwa sababu alifuta vumbi kwa fulana kavu, akalijaza gari mikwaruzo ubavu mzima. Sote nyumbani tulilijua hilo.

Binti yangu alipojifungua, mkwe wangu aliomba ruhusa ya kuwapeleka mama na mtoto Nyansurura, kwa wifi yangu mkubwa, dada wa marehemu mume wangu. Ndiye mkubwa aliyebaki katika ukoo, na kwao mtoto hajafika nyumbani mpaka apakwe samli kwa mkono wa mkubwa. Bosi alikubali kwa sharti moja. Jumatatu saa kumi alasiri angekuja mwenyewe Tarime kuchukua gari lake, na alikute kama lilivyoondoka.

Yaliyotokea Nyansurura nilisimuliwa na binti yangu. Wifi alimpaka mtoto samli utosini, akamwombea. Kisha akauliza ni kitu gani kilichomleta mtoto salama kwa njia ndefu namna hiyo. Akaonyeshwa gari. Akatoka nje na kibuyu chake, na kabla mtu hajaelewa anachotaka, akachota samli kwa kiganja na kuipaka boneti yote, akaendelea hadi kwenye paa pale mkono wake ulipofika, huku akishukuru. Mkwe wangu alisimama akitazama. Angemwambia nini? Mama yule ni mtu mzima sana, na kuukataa mkono wake kwenye gari kungekuwa kuukataa hata kwenye kichwa cha mtoto. Akainamisha kichwa, akasema asante, akawasha gari.

Halafu ikaja barabara. Kiangazi kile vumbi lilikuwa limelala njiani kama unga, na malori yaliyopishana nao upande wa Nyamongo yaliwamwagia lote. Walipoingia uani kwangu saa sita mchana, boneti ilikuwa imevaa ngozi nene ya kahawia. Samli ililishika vumbi, vumbi likaishika samli, na ndani ya vumbi letu kuna mchanga mkali wa mawe yanayosagwa na magurudumu.

Kwingine mtu angefungua bomba. Kwetu bomba lilikuwa kavu tangu Ijumaa, na waosha magari wa bondeni walikuwa wamezuiwa kugusa kijito, kwa kuwa ndicho kilichobaki kwa ng'ombe. Ndani nilikuwa na pipa moja la maji ya kunywa na kupikia, na mzazi aliyehitaji kuoga.

Hapa nieleze jambo moja kwa msomaji wa mbali. Kwetu mama mkwe na mkwe wa kiume hawashikani mikono, hawaketi karibu, hawali pamoja, na wakiweza hupitisha maneno yao kwa mtu mwingine. Nimefundisha watu Maandiko miaka mingi, na sijaona mahali yanaponiamuru kushika desturi hiyo wala yanaponikataza. Nimeishika kwa heshima, na yeye pia. Basi mchana ule yeye alisimama karibu na geti, mimi mlangoni mwa jiko, na binti yangu akaketi katikati na mtoto kifuani, akibeba maneno.

"Mwambie mume wako asiguse kwa kitambaa kikavu," nikasema.

"Mama, anasema hilo analijua vizuri kuliko kitu chochote duniani."

Alisema, kwa kinywa cha mke wake, kwamba ipo sabuni ya kuoshea gari bila kusuuza. Aliwahi kuiona Musoma. Unaichanganya kidogo kwenye nusu ndoo, inalizunguka vumbi na kulinyanyua, kisha unafuta kwa kitambaa laini. Lakini hakujua kama inaiweza samli. Akaongeza kwamba tungeweza kuipuliza kwa bomba la mgongoni aliloliona limening'inia stoo. Nilimjibu haraka kwamba hilo ndilo tunalopulizia ng'ombe dawa ya kupe, na kama linaua kupe sijui litaifanyia nini rangi ya watu. Binti yangu alicheka kidogo, kisha akanyamaza alipomtazama mume wake usoni.

Yeye hakuweza kuliacha gari, maana bosi angeweza kutokea wakati wowote. Nikafunga kitenge, nikapanda bodaboda kwenda mjini.

Duka la vifaa vya magari lipo karibu na stendi ya mabasi. Mwenye duka ni mama wa makamo, mchangamfu, na alipojua ninachotafuta alianza kupanga vitu mezani kabla sijamaliza kueleza. Kwanza brashi ndefu. Alisema watu wa malori wanaipenda sana. Nilipitisha nywele zake kwenye ngozi ya ndani ya mkono wangu, zikaacha michirizi myeupe. Nikairudisha. Kisha sifongo. Nikamuuliza mchanga ukishaingia kwenye vile vitundu unatokea wapi. Akafikiri, akasema, "Hautoki, mama. Unazunguka nao." Nikacheka, naye akacheka, lakini moyo wangu haukuwa kwenye kicheko.

Sabuni ndizo zilizonichosha. Kulikuwa na ya vyombo, ambayo kila mpishi anajua inakata mafuta, ila inataka kusuuzwa tena na tena, la sivyo inaacha utando. Kulikuwa na shampuu ya gari yenye povu jingi, nayo bila maji mengi ni balaa. Kulikuwa na chupa ya kupuliza inayong'arisha, nzuri kwa gari lililokwisha kuwa safi. Ukiipuliza juu ya mchanga unasugua mchanga unaong'aa. Mwisho nyuma kabisa ya rafu akatoa chupa moja ndogo yenye vumbi. Mwanawe anayesoma shule alikuwa ameyaandika maelezo ya chupa kwa Kiswahili kwenye kikaratasi alichokibandika: kifuniko kimoja kwa ndoo, usisuuze, usitumie juani, usitumie kwenye bati la moto, jaribu kwanza mahali pasipoonekana. Nilisoma mstari wa juani, moyo ukashuka. Sisi wapishi tunajua samli haiondoki kwa ubaridi. Hata hivyo nikaichukua.

Vitambaa vilikuwa vya aina mbili, vyote maikrofaiba. Vya kwanza vilikuwa vyembamba, vyenye pindo gumu na lebo iliyoshonwa pembeni. Vya pili vilikuwa vinene, vyenye nyuzi laini kama manyoya ya kifaranga, bila pindo. Nikavipitisha shavuni kama ninavyochagua nguo ya mtoto mchanga. Nikachukua vinene vingi kadiri nilivyoweza: vya bluu kwa juu, vya kijivu kwa sehemu za chini karibu na magurudumu, visije vikachanganyika, na taulo moja kubwa ya kukaushia. Nikaongeza chupa mpya ya kupulizia. Mwenye duka akanisogezea nta nyeusi ya kuficha mikwaruzo. Nikamwambia tunataka kusiwe na mikwaruzo ya kufichwa. Akasema, "Mungu akusikie," na akaniombea njia njema.

Kwenye bodaboda nilikuwa nikiomba na kufikiri kwa pamoja. Kibuyu cha samli hatukisugui. Tunakipa maji ya uvuguvugu, tunasubiri, tunamwaga. Bati lisiwe la moto, wamesema. Hawakusema maji yasiwe vuguvugu. Nilipofika nilimwambia binti yangu amwambie mumewe alisogeze gari nyuma ya nyumba, kwenye kivuli, na tulipe muda lipoe. Yeye akataka kuanza mara moja. Maneno yalipita kwa binti yangu mara kadhaa, yakizidi kuwa mafupi. Saa nane ilikuwa imepita. Hatimaye aliweka kiganja chake juu ya boneti, akasikia bado ni ya moto, akatikisa kichwa na kungoja.

Nilipasha maji hadi kidole kikayavumilia bila shida. Tukachanganya ile sabuni, ya kwenye chupa ya kupulizia tukaizidisha nguvu kidogo. Mkwe wangu alijaribu kwanza ndani ya mlango, chini ya bawaba. Rangi haikubadilika. Ndipo akapuliza boneti yote, tukasimama. Sijawahi kutazama kitu kikiloa kwa hofu namna ile. Kwa muda halikutokea lolote. Kisha ile ngozi ya kahawia ikaanza kulegea, ikapasuka, ikateremka yenyewe kuelekea kwenye taa.

Binti yangu aliingia ndani kumnyonyesha mtoto, nasi tukabaki bila mtu wa kubeba maneno. Tulifanya kazi gari likiwa katikati yetu. Alipokuwa mlango wa dereva, mimi nilikuwa upande wa pili. Alipozunguka nyuma, nilizunguka mbele. Nilimwiga kwa macho. Kitambaa alikikunja mara mbili, akakilaza bila kukikandamiza, akakivuta njia moja kwenda mbele, akakigeuza upande safi. Upande uliokwisha kugusa uchafu haukurudi kwenye rangi, na kitambaa kilichokwisha kazi hakikurudi kwenye ndoo. Kilitupwa kando. Nikaona sababu ya kununua vingi.

Nilikuwa nimefika paani pale samli ilipoishia. Kitambaa kikaniponyoka, kikaanguka chini. Nikakiokota, nikakikung'uta kama mwanamke yeyote anavyokung'uta kitambaa chake cha jikoni, nikanyoosha mkono.

"Mama, acha."

Mkono wangu ukasimama hewani. Ilikuwa sauti yake, na ilikuwa imekuja kwangu moja kwa moja, juu ya paa la gari. Yeye mwenyewe alishtuka, akatazama chini.

"Kimeanguka," akasema taratibu. "Kina mchanga. Hautoki kwa kukung'utwa. Nisamehe, mama."

"Umefanya vizuri, baba," nikamjibu. "Nipe kingine."

Akakiweka juu ya paa, katikati, akarudi nyuma hatua moja, nikakichukua. Tangu hapo tuliendelea kusema, maneno machache ya kazi, kila mtu akitazama upande wake.

Tulipokausha boneti kwa taulo kubwa, weusi ukarudi, na miti ikaonekana ndani yake. Nikaanza kumshukuru Mungu kwa sauti. Mkwe wangu alikuwa ameinama karibu na nembo ya mbele. Kulikuwa na mstari mwembamba, mrefu kama kidole, uliopinda. Tuliutazama pamoja, kila mmoja kwa upande wake. Haukuwa wa vumbi wala wa kitambaa. Wifi yangu huvaa bangili za shaba, na mkono wake ulipozunguka na samli, bangili moja iligusa.

"Mama, dukani kulikuwa na dawa ya kufunika?"

"Ilikuwepo. Nta nyeusi. Ukitaka, naifuata sasa hivi."

Alitazama barabarani. Ndani mtoto alianza kulia, mke wake akamwimbia.

"Akiuona mwenyewe baada ya wiki, itakuwa mbaya zaidi," akasema. "Nitamwonyesha."

Hatukungoja sana. Bosi alikuja kabla ya saa kumi, kwa pikipiki, akashukia getini. Aliniamkia shikamoo, nikaitikia marahaba na kumkaribisha kiti. Hakuketi. Alianza kulizunguka gari, mikono nyuma, kuanzia kwenye taa za nyuma. Mkwe wangu hakumngoja afike mbele.

"Bosi, mstari upo hapa," akasema, akaonyesha. "Bibi yetu alibariki gari kwa samli. Bangili yake imegusa. Mimi nilikuwepo na sikumzuia. Tumeliosha kwa ile ya bila kusuuza, mengine yametoka, huu umebaki."

Yule mtu aliinama. Alipitisha ukucha wake juu ya mstari, mara moja, taratibu. Nilikuwa nimeshika kikombe cha maji ya kumkaribishia na sikuthubutu kukiweka chini.

"Samli," akasema.

"Ndiyo, bosi."

"Gari zima?"

"Boneti na paa. Mkono haukufika zaidi."

"Na injini hakuipaka?"

"Hapana, bosi. Boneti ilikuwa imefungwa."

Akasimama wima. Akalitazama paa, akatazama lile rundo la vitambaa vichafu kando ya ndoo, ndoo ikiwa haijapungua hata nusu. Akauliza kama ni kweli hatukutumia maji mengine. Nilimjibu mimi, kwamba mengine hayakuwepo. Akapokea kikombe, akanywa chote, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Fundi wa rangi ataumaliza huo," akamwambia mkwe wangu, huku akipokea ufunguo. "Siku nyingine kwa bibi utaegesha nje ya boma. Kesho saa kumi na mbili asubuhi uwe kwangu. Tunakwenda Mwanza."

Aliondoka akiendesha mwenyewe. Mkwe wangu alichuchumaa pale pale gari lilipokuwa, akafunika uso kwa viganja, na mabega yake yakawa yanatikisika. Nilimwita binti yangu atoke ndani na mtoto, kisha nikaingia jikoni niwaache.

Nawe uliyesoma hadi hapa, Mungu akulindie kazi ya mikono yako. Akupe uvumilivu siku maji yanapokosekana, na ulimi wa kweli siku kosa linapoonekana. Nyumba yako isipungukiwe watoto wa kupakatwa wala wazee wa kuwabariki. Amina.