Kamera ya Chumbani Imenitenga na Mama Yangu

Admin, nisitiri tafadhali, maana watu wa kwetu Laare wako wengi kwa ukurasa huu, na wa Manyatta ndio hata sisemi. Nina miaka ishirini na tisa. Nimezaliwa Laare, nimeolewa Manyatta upande wa Embu, na nina mtoto mmoja wa kike ambaye ndio ameanza kukaa. Mume wangu nitamwita Baba Mtoto. Anafanya kazi Nairobi, kazi yake ni kuwawekea watu waifai na hivi vifaa vya nyumba vinavyoendeshwa kwa simu. Mimi ni fundi cherehani. Mdomo wangu hauna breki, wanaonijua wanajua, lakini kwa hili nimeishiwa maneno.

Nikiwa nimekaribia kujifungua, Baba Mtoto alikuja nyumbani na maboksi. Nyumba yetu ni ya mawe, kuta nene, mtandao ulikuwa unafia sebuleni. Akaweka vile visanduku vyeupe vya mesh, kimoja sebuleni, kimoja jikoni, kimoja chumbani, vinapokezana mtandao mpaka kona ya mwisho. Taa, birika, hita ya bafuni, vyote akaviunganisha. Akiwa Nairobi anakuwashia birika, unasikia tu maji yananguruma jikoni na hujagusa kitu. Majirani walikuja kuona, mimi nikaringa, kwani uongo? Sebuleni aliweka kamera na akanionyesha. Lakini kile kisanduku cha chumbani, juu ya kabati, nilimuuliza, "Na hiki chenye jicho ni cha nini?" Akasema, "Hicho ni cha waifai tu, hiyo ni taa." Nikaamini, si yeye ndiye fundi?

Nilipojifungua Mama alikuja kunitunza. Hapa lazima niwaeleze wasiotoka huku. Kwetu mama mkwe na mkwe wanaheshimiana sana. Hawapeani mikono, hawakai chumba kimoja, na Mungu apishe mbali mkwe amwone mama mkwe hajavaa vizuri. Siku ya mahari Mama alipitia nyuma ya nyumba ili wasikutane. Kabla ya kuja aliniuliza tena na tena, "Una uhakika huyo bwana yako hayuko?" Nikamwambia, "Mama, yuko Nairobi, njoo ujiachilie."

Akajiachilia kweli. Alinipikia uji na njahi, yale maharagwe meusi ya mzazi, akanikanda tumbo kwa maji moto, na kwa sababu maji yalikuwa yanamrukia, alikuwa anavua blauzi na kitambaa cha kichwa, anabaki na kamisi. Tulicheka sana. Sijawahi kuwa na raha na mama yangu kama zile siku.

Sasa siku moja anamwogesha mtoto pale chumbani, amebaki na kamisi, sauti ya mwanaume ikatoka juu ya kabati: "Mama, mshike shingo vizuri."

Mama aliganda. Akaangalia mlangoni, akaangalia dirishani. Ile sauti ikacheka. "Ni mimi, Mama, usishtuke. Kuna kamera hapo. Kwani hamkujua? Mimi huwa nawaona kila siku."

Kila siku, jamani! Mama alinikabidhi mtoto na povu lake, akajifunga leso mpaka kichwani, akaanza kukunja nguo zake. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Nililia, nikamwambia, "Mama, haki ya Mungu sikujua!" Akaniangalia, akasema, "Nyumba ni yako, chumba ni chako. Utakosaje kujua?" Akaenda zake, hata chai hakunywa.

Nilimpigia Baba Mtoto nikamtukana matusi yote ninayoyajua, ya Kimeru na ya Kiembu. Mnajua alinijibu nini? "Lakini sikuwa hapo! Nilikuwa kazini Nairobi, nimevunja heshima gani? Nilikuwa namwangalia mtoto wangu." Mtu aliyezaliwa na kulelewa huku! Anajua hawezi kuingia chumba alimo mama mkwe, ila kwake yeye kuingia kwa simu si kuingia. Kamera ameitoa, msamaha ndio amekataa kuomba. Wazee wa kwetu walitaka kitu kidogo tu, aje na kondoo na blanketi, akae na baba yangu na wajomba, yaishe. Akasema yeye ameokoka, hachinji kondoo kwa sababu ya kamera. Tena akawasimulia marafiki zake kama kichekesho.

Baba sasa amesema nirudi nyumbani na mtoto mpaka mkwe wake aje waongee kama wanaume. Baba Mtoto naye amesema nikitoka kwake nisirudi. Na bado nampenda, huo ndio ujinga wangu. Anampenda mtoto wake kupita kiasi, hata huko kuchungulia kwake najua kulianzia hapo.

Jumapili iliyopita nilijipeleka Laare na mtoto bila kumwambia mtu. Nilimkuta Mama jikoni kwake, moto umewaka, anachagua maharagwe. Aliponiona hakumkimbilia mtoto. Alivuta leso akajifunika kichwa na mabega, akaniambia, "Simu yako iache huko nje." Nikaiacha. Akaangalia begi la mtoto, akaligeuzageuza, akauliza, "Na humu hamna kitu?" Nikamwambia, "Hamna, Mama." Ndipo akampokea mtoto. Lakini ile leso hakuitoa mpaka nikaondoka. Joto lote lile, jasho linamtiririka, na mama yangu mzazi amejifunika gubigubi kwa kuniogopa mimi, mtoto aliyemzaa.

Ndugu zangu, moyo wangu umepasuka. Nikimfuata Baba napoteza ndoa, nikibaki nampoteza Mama, na huko kote sijui nitasema nini aamini kwamba sikujua. Wenye kunicheka naomba mpite tu. Wenye mama zenu, niambieni: nifanye nini ili Mama aitoe ile leso mbele yangu?