Kuku Tulimpa, Kweli Tukamnyima

Kuna siku moja haijanitoka kichwani tangu ujana wangu, Amisi mwanangu, na leo umeiamsha kwa mdomo wako mwenyewe. Zima hiyo motor, ushuke. Kaa hapa mkekani. Viti umekalia vya kutosha wiki hii, huko vijijini Kabambare unakozunguka na chai yako ya majani machungu, ukiwauliza watu kama imewaponya homa. Umerudi unacheka. "Mama mukubwa, matokeo iko muzuri sana! Wote wamesema wamepona!"

Wote? Ati wote! Tangu lini watu wote wakapona kitu chochote, hata njaa?

Mimi ni dada mkubwa wa mama yako, nimekubeba mgongoni, nina haki ya kukukasirikia. Sikiliza.

Nilikuwa nimeolewa karibuni tu, kule Lusangi, sijazoea hata moshi wa jiko la watu. Akaja daktari kijana kutoka Kasongo, akafikia kwa baba mkwe wangu. Alikuwa mtafiti kama wewe. Alitaka kujua jambo moja: majani machungu yanayoota nyuma ya nyumba zetu yanaponya malaria kweli, au tunajidanganya? Alichuma ua la mti ule, akalipasua mbele yetu, akatuonyesha kwamba tunachokiita ua moja ni maua madogo mengi yaliyokaa pamoja, sawa na alizeti. Ukoo mmoja, alisema. Tulifurahi sana. Tulimpenda, usifikiri hatukumpenda.

Akawaita mama wenye watoto wa homa. "Mumupe mutoto chai asubuhi na jioni," akasema. "Lakini homa isiposhuka, muniambie palepale. Dawa ya hospitali iko humu." Akapiga begi lake kwa mkono. Begi lile nililiona kwa macho yangu, mwanangu, lililala nyumba ya pili kutoka kwa mtoto mgonjwa.

Lakini baba mkwe alikuwa ameshamchinjia kuku, na shida ilianzia hapo. Kwetu, mgeni aliyekula kuku wako humvunji moyo. Ukimwambia kazi yake haikufaa, ni kama umetemea sahani uliyompa. Baba mkwe alipita kwa wanawake wote wa nyumba, mmoja mmoja: "Mugeni wangu asirudi kwao na aibu."

Jioni daktari akakaa kwenye kiti kizuri, baba mkwe pembeni yake. Akamuuliza Mwavita, mke wa kaka wa mume wangu, "Mama Saidi, mutoto anaendelea namna gani?"

Mwavita akainamisha macho. "Muzuri, docta. Aksanti."

Na Saidi yuko ndani anaungua! Jioni ya pili, vilevile: muzuri, aksanti. Daktari akamshukuru Mungu kwa furaha. Mwavita akaingia ndani, akajiziba mdomo kwa kitenge, akalia. Nilimfuata nikamuuliza, wewe una akili? Akanijibu, "Baba iko pale. Nitasema nini mbele ya baba?"

Kulipokucha Saidi akashikwa na degedege. Daktari alikuwa nje anakunywa uji, akauliza habari za watoto, na baba mkwe akamjibu yeye mwenyewe: "Wote wako muzuri." Nikashindwa. Bibi arusi hapazi sauti mbele ya mkwe, hata kula mbele yake ni haya. Mimi nilipiga kelele mpaka kwa jirani. "Uongo! Mutoto anakufa!"

Kikombe kikamtoka daktari mkononi. Alikimbia na begi lake mpaka kwa Saidi.

Baba mkwe akaninyooshea kidole. "Mke wa mutoto wangu ananivua nguo mbele ya mugeni!"

Hapo akatoka jikoni Mama Mwamini, mama aliyemzaa yeye, mzee kabisa, mwiko mkononi na bugali bado umeung'ang'ania. Akamwelekezea mwanawe ule mwiko. "Umejivua weye mwenyewe. Kuku ulimupa, kweli ukamunyima. Alikuja kutafuta kuku hapa? Kuku iko kwao! Wazee walisema mugeni njoo, mwenyeji apone. Weye umegeuza: mugeni afurahi, mwenyeji azike!"

Baba mkwe alikaa chini kwenye vumbi, kiti kizuri kikiwa nyuma yake.

Saidi hakufa. Lakini ile homa ilimwachia uhai ikaondoka na masikio yake. Ndiyo, Saidi huyuhuyu wa sokoni Kasongo, fundi wa baiskeli, ambaye ninyi vijana mnamwita Kiziwi na kumcheka. Ulidhani alizaliwa hivyo? Alikuwa mtoto wa kusikia mama yake akitua ndoo uani, akaja mbio. Mwavita alikufa akiwa bado anamwita kwa jina, akisahau.

Nikikumbuka hayo nachemka mpaka leo. Sisemi jani lile ni baya. Nalinywa nikiumwa tumbo. Kama linaponya malaria sijui, na daktari yule naye hakujua, ndiyo maana alikuja kuuliza! Angetupata tunasema "apana, halikusaidia", hiyo nayo ingekuwa kazi yake. Mficha maradhi kifo humuumbua, na safari ile tuliyaficha kwa adabu.

Sasa wewe. Umesema mwenyewe ulikula sombe ya majani ya muhogo na samaki wa Nyangwe, ukalamba vidole. Ukawauliza wapi? Mbele ya chefu wa kijiji! Na sabuni ukawagawia kabla ya kuuliza! Halafu unaniletea "wote wamepona". Shule yote ile, Amisi, na wewe ni mtoto wa hapahapa, unajua jinsi tunavyomjibu mgeni! Mzungu angekosea ningemsamehe.

Rudi. Leo, si kesho. Usikae kwenye kiti chao kabla hujamwona mtoto. Mguse paji la uso kwa mkono wako. Mama muulize mtoni au shambani, peke yake, si mbele ya mkwe wala chefu, na umwambie kwanza kwamba akisema "apana" hajakutukana, amekusaidia. Sabuni itoe mwishoni. Ukisikia "muzuri, aksanti", uliza tena. Na ukipita sokoni, simama kwa Saidi, umpe mkono.

Haya, washa motor. Mungu akulinde na matope ya njia. Akupe mkono mwepesi kwa wagonjwa na sikio lisiloridhika upesi. Na kila nyumba utakayoingia, Mungu awape wenyewe ujasiri wa kukuambia hapana, mtoto akiwa bado anasikia.