Uji wa Watu Wawili

Siku yangu ya kwanza kazini nilichelewa, na bosi hakunigombeza. Alinipa mwiko mrefu kuliko mimi na kusema, "Wewe mwiitu, adhabu yako hii hapa." Mwiitu ni msichana kwa Kikamba.

Nilikuwa kidato cha kwanza, mwezi wa Julai, ile baridi ya Machakos inayoteremka vilimani pamoja na ukungu na kupiga kambi kwenye magoti ya wasichana. Mwalimu wa Zamu alikuwa ameuliza nani angetaka kuwa kepteni wa jikoni, aamke kabla ya kengele kusaidia kupika uji. Wenzangu wakajificha nyuma ya vitabu. Mimi nikainua mkono, si kwa uzalendo, ila kwa sababu jikoni ndiko kulikokuwa na moto. Basi nyinyi mlioingia mwaka huu, mnaolalamika kwamba uji una mabonge, tulieni mstaafu awaeleze.

Bosi wangu alikuwa Mpishi Mkuu, Mzee Kyalo, mtu wa Kalama. Cheo kilikuwa kikubwa, lakini hapakuwa na mpishi mwingine, kwa hiyo alijiamuru mwenyewe na kujitii. Unga wetu ulikuwa wa wimbi, mtama na mahindi. Jioni tuliuloweka kwenye pipa ili uchachuke, maana uji usiochachuka, alisema, ni maji ya kuogea mtoto. Asubuhi niliuvuruga kwa mkono mpaka ulainike, halafu yeye akaumimina polepole kwenye maji yanayochemka huku mimi nikikoroga.

"Usisimame!"

"Pua inaniwasha, Mzee."

"Iwashe. Ukijikuna, bonge. Ukipiga chafya, mabonge mawili."

Kipimo chetu kilikuwa gorogoro, lile kopo la kupimia nafaka sokoni. Mzee Kyalo alitia gorogoro za unga bila kuhesabu, akiongea siasa, na uji wa shule nzima ukatoka sawa kila siku. Aliyekuja kuonja ni Bi. Matroni. Alionja kikombe kizima, akafikiri, kisha akaonja cha pili ili awe na hakika. Jumamosi tulikaanga mahindi makavu na chumvi. Wasichana waliyajaza mifukoni, na chumba cha maktaba kikalia kama zizi la mbuzi.

Yalipofika mapumziko ya katikati ya muhula, sheria ilikuwa kwamba msichana haondoki mpaka mzazi aje kumchukua. Mama yangu alishona nguo kiwandani, upande wa Athi River, na alikuwa ameniahidi kuja Ijumaa. Ijumaa wakaja mama za watu wote. Walikuja hata mashangazi na mjomba mmoja mlevi. Jioni bweni zima lilikuwa langu. Nililala kitanda cha kwanza, nikahamia cha kiranja, na huko nako hakukuwa na mtu wa kumkasirisha. Simu ya ofisini ilikuwa imefungwa kwa kufuli, na mwenye ufunguo alishakwenda kwao.

Jumamosi asubuhi Mzee Kyalo alikuja kukagua stoo, akanikuta nimeketi kwenye ngazi ya jikoni.

"Aiya! Wewe hukuenda?"

"Nililinda sufuria, zisiibiwe."

Hakucheka. Aliwasha moto. Hapo ndipo nilipoona jambo la ajabu: Mpishi Mkuu hakujua kupika uji wa watu wawili. Kwenye sufuria la shule uji ulitandaa chini kama rangi na kuungua. Tukaazima kijisufuria cha Bi. Matroni. Mzee akatia konzi moja ya unga, konzi yake ile ya kulisha shule, na mwiko ukasimama wima peke yake.

"Hii tunaweza kujengea choo," nikasema.

"Nyamaza, ule."

"Kwani nyumbani unapikaje?"

Alikwangua sufuria kwa muda. "Nyumbani niko peke yangu tangu mama watoto aende. Shule ikifungwa nakunywa chai tu."

Tulikula ile saruji kwa vijiko.

Jumapili asubuhi tulipima kwa kikombe, tukajaribu tena, na uji ukatoka. Mchana wasichana walianza kurudi, wakinukia mafuta ya nyumbani na kujisifu kuhusu chapati. Wakati huo ndipo Mama alipotokea, amevaa koti la kiwanda, nyuzi zimemganda kwenye nywele. Alikuwa ameshikiliwa zamu juu ya zamu, na jioni hiyohiyo alitakiwa kurudi.

Nilikuwa nimepanga maneno makali, mengine ya Kiingereza. Nikamketisha jikoni, kwenye benchi la karibu na moto, nikampikia uji kwa mkono wangu. Nilipogeuka na kikombe alikuwa amelala, kichwa ukutani, mdomo wazi. Mzee Kyalo alichukua kuni zake na kutoka nje taratibu. Niliketi kando ya Mama, nikautazama uji ukiota utando, mpaka ikabidi nimwamshe aende. Aliunywa baridi, wote, akiwa amesimama mlangoni.

Nilistaafu nilipoingia kidato cha tatu. Sikufanyiwa sherehe, Mwalimu wa Zamu alisoma jina la mwingine gwarideni, basi. Sasa napanga foleni kama raia, na asubuhi za Julai bado naamka kabla ya kengele, nakaa kitandani sina pa kwenda. Mapumziko yanakuja tena wiki ijayo. Mama ameniandikia kwamba atajaribu kufika Ijumaa. Nimemjibu, bila mzaha hata mmoja, kwamba aje siku yoyote watakayomwachilia, hata kama ni kuja kulala tu.