Wanawake 58 wa Daktari Tarimo

Saa mbili asubuhi, Jumamosi. Dokta Winfrida Tarimo anapanda njia ya utelezi juu ya Matombo, kwenye milima ya Uluguru, viatu mkononi, orodha ya majina kwapani. Mbele yake Mzee Kasiani, mtunza mafaili wa hospitali, anatembea kama yuko uani kwake.

"Taratibu, mzee wangu, utaniua!"

"Si ulisema wewe ni Mchaga wa mlimani?" anajibu Kasiani, bila hata kugeuka.

Kinachompandisha milimani bingwa huyu wa saratani ni makala aliyoiandika mwenyewe. Mwaka 1994 alichapisha Ulaya utafiti wa wanawake 112 wa Uluguru waliotibiwa saratani ya shingo ya kizazi. Hamsini na wanane hawakurudi kliniki kuangaliwa. Karani alitumwa kwa waume zao, Mafiga na mitaa mingine ya mjini, akarudi mikono mitupu. Daktari akaandika kwamba wameacha matibabu.

Makala ikapendwa, ikapendwa kweli! Hadi mwaka huu wa 1997, watafiti wenzake wameitaja mara 46, na karibu kila mmoja anarudia yale yale: wanawake wa milimani hawafuatilii tiba.

"Nilivimba kichwa," anakiri. "Kila makala iliyonitaja niliibandika ukutani, wageni waione."

Mwaka jana akaomba fedha za kliniki ya uchunguzi huku milimani. Wafadhili wakakataa. Kisa? Kliniki ya nini kwa watu wasiofuatilia tiba? Ushahidi waliouweka kwenye barua ulikuwa makala yake.

"Nililia, sikufichi. Yaani wagonjwa wangu nimewaponza mimi, kwa mkono wangu huu!"

Alikuwa bado na barua hiyo mkononi alipoingia chumba cha mafaili. Kasiani, Mluguru wa kuzaliwa, akamuuliza hao wanawake walitafutwa wapi.

"Kwa waume zao."

Mzee akashika kiuno. "Daktari, mwanamke wa kwetu akiugua sana hakai kwa mume. Anarudi kwao, kwenye ardhi ya ukoo wa mama yake. Anauguzwa kwa mjomba, au kwa kaka."

"Miaka yote hiyo, mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

Kwao Rombo, mwanamke akishaolewa huugulia kwa mume, na fomu ya daktari iliuliza jina la mume tu. Tena ilikuwa miaka ya viwanda kuuzwa na kufungwa. Waume walipunguzwa kazini, wakahama vyumba vya kupanga. Karani aligonga milango ya wapangaji wapya. Daktari alipoona kimya, akadhani wameshindwa kuchangia gharama za matibabu, kama ilivyoanza kutakiwa siku hizo.

Tangu Januari wanapanda kila Jumamosi, nauli ikitoka kwenye mshahara wake. Wamewapata 37. Kumi na mmoja walishazikwa. Ishirini na sita wako hai, wengi wanalima.

Leo ni zamu ya Yustina, mwenye umri wa miaka 63. Wanamkuta akichambua maharage mbele ya nyumba ya kaka yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ala! Si daktari wa sindano wewe?"

Wanacheka, wanashikana mikono, hawaachiani. Daktari anamuuliza kwa nini hakurudi kliniki.

"Ningefikia kwa nani? Mume kafukuzwa kazi, chumba hatuna. Kushuka tu ni kutwa nzima. Ungeniwekea kliniki hapo misheni, ungenichoka kwa kuja!"

Daktari anamwonyesha karatasi. Mbele ya jina lake pameandikwa: amepotea.

"Nani kapotea?" Yustina anaruka. "Mimi nipo kwetu, hapa nilipozaliwa. Wewe ndiye ulipotea njia, mwanangu."

Kasiani anaangalia pembeni, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Daktari Tarimo hacheki. Anachukua kalamu, anakata neno lile kwa mistari miwili, anaandika: yupo kwao, mzima.

Wamebaki ishirini. Anataka kuwamaliza wote kabla ya Novemba, ombi la kliniki litakapopelekwa upya pamoja na makala mpya. Sentensi yake ya kwanza ameshaiandika: "Katika makala yetu ya awali, tulikosea."

Haogopi kuchekwa na wote walioitaja ile ya kwanza?

"Wacheke. Hii itajwe mara moja tu," anasema, akivaa viatu vyake vyenye tope, "na wale wale walioninyima kliniki, inanitosha."