Simu Iliyofungiwa Kabatini

Dada yangu ni fundi cherehani, na miaka yote ameshona huku simu ameibana kati ya sikio na bega. Mikono ilikunja pindo, mdomo ukipiga soga na mama. Nilimwita Bega Moja, naye alinirushia chaki.

Siku mama alipoanguka, walikuwa wakiongea hivyo hivyo. Dada alisikia neno likikatika katikati, kisha kishindo, kisha kimya. Kilikuwa kiharusi. Mama alitoka hospitali mkono na mguu wa kulia vimepooza, mdomo umekwenda upande, maneno yakimtoka kwa shida. Tukamlaza kwa dada, chumba cha nyuma ya cherehani.

Ndipo mteja mmoja alipomwambia dada kwamba mawimbi ya simu huvuruga damu ya ubongo. Mteja mwenyewe anauza sufuria, udaktari kaupatia wapi sijui! Lakini dada alilimeza neno hilo zima zima.

"Ni mimi niliyemchemshia mama damu," aliniambia akilia. "Kila siku nilimng'ang'aniza kwenye simu."

Simu ya mama akaifungia kabatini, yake akaizima. Kila asubuhi alisimama mbele ya kioo cha wateja na kutabasamu, aone kama mdomo wake nao umeanza kwenda upande. Nilimcheka, halafu nikajikuta nami natabasamu kwenye kioo cha bafuni. Hofu inaambukiza, jamani.

Mama alikuwa akinyoosha mkono wa kushoto kuelekea kabatini. "Simu," alisema. Alimtaka mdogo wake, mama yetu mdogo anayeishi mbali, ambaye tangu zamani alizungumza naye kila jioni.

"Hapana, mama," dada alimjibu. "Sitakuua kwa mikono yangu." Mama aligeukia ukutani.

Nilipoona mama haachi kugeukia ukutani, nikampeleka dada chuo cha udaktari, walikokuwa wakitafuta watu wa kupimwa iwapo simu inabadilisha mwendo wa damu kichwani. Daktari, mama mmoja mtaratibu, alimfunga simu sikioni na kumbandika kipimo panjani, kando ya jicho.

"Hutaambiwa kama imewashwa au imezimwa," alisema. "Wewe tulia tu."

Kwenye skrini mstari wa damu ya dada ulipanda na kushuka. Hakukaa sana.

"Inaniunguza!" alipiga kelele. "Kichwa kinachemka! Nitoeni!"

Aling'oa kila kitu, jasho likimtiririka. Nilijua nampoteza dada kama tulivyokaribia kumpoteza mama, tena nimemleta mwenyewe.

Daktari alimshika mkono mpaka pumzi ikatulia, akamwonyesha ile simu. Ilikuwa imezimwa.

"Lakini nimesikia moto!"

"Nakuamini. Hata moyo ulikwenda mbio, hukujifanya. Ni hofu."

"Kwa hiyo simu haina neno?"

"Hilo ndilo tunalochunguza, siwezi kukuapia. Huyo mama yenu mliyenieleza, ana presha?"

Dada aliniangalia. Mama alikuwa nayo miaka mingi, na dawa alizimeza siku alizojisikia.

"Basi anzeni na dawa," daktari alisema.

Nyumbani dada alifungua kabati, akaichomeka simu kwenye chaji. Alimpigia mama mdogo, akaweka sauti ya nje, akailaza simu miguuni pa kitanda.

"Hapo hapo inatosha," alisema. "Mama, usiisogeze, nakuomba."

Mama alijivuta kwa mkono wake mzima, akaichukua na kuibana sikioni. Dada alifumba macho, akanishika mkono hadi kucha zikaniingia.

"Nani?" sauti ya mama mdogo ilijaa chumbani. "Dada? Ni wewe? Wanao waliniambia uko hai, nikasema wananificha ukweli. Mtu aliye hai angeachaje kupokea simu yangu? Nimeshakulia msiba, dada yangu."

Mdomo wa mama ulihangaika. Neno lilikwama, likarudi, likakwama tena.

"Nipo," alisema.